Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo kozi inayokutisha

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona. Unauliza uchukue ile kozi ya sarufi ambayo maswali yanajirudia kila mwaka na A ni ya uhakika, au ile ya mazungumzo ambayo mhadhiri anabana na wengi wanatoka na C, na unaogopa GPA, yaani wastani wa pointi zako, ikishuka ufadhili nao utaota mbawa. Kuogopa una haki. Anayekwambia maksi hazina maana muulize ada yake analipa nani.

Ila mimi nasema chukua ya mazungumzo.

Kwanza piga hesabu kabla ya kuogopa. Tuseme digrii nzima ina uniti 120, hiyo kozi ni uniti 3, A ni pointi 5 na C ni 3. Ukipata C badala ya A unapoteza 0.05 kwenye GPA ya mwisho, basi. Weka namba za chuo chako uone, kama ufadhili wako unaning'inia kwenye hiyo 0.05 hapo tutaongea vingine.

Pili, mtihani wa kuandika unakupima ukiwa umekaa, umetulia, una muda wa kufuta na kuandika tena, na mtu akikuongelesha huo muda huna, ndo maana unakuta mtu anachambua sentensi ya Kifaransa vizuri kabisa halafu akipigiwa simu na Mfaransa jasho linamtoka. Na hayo mnayokesha kukariri usiku wa kuamkia mtihani hayakai, Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alijipima mwenyewe akaandika tangu 1885 kwamba vilivyokaririwa vinaanza kupotea ndani ya saa chache, vinavyorudiwa kwa kuachanisha siku ndo vinadumu. Marekani wanapofundisha wanadiplomasia wao Kiarabu au Kichina wanakadiria saa kama 2,200 za darasani! Wewe kozi ya saa 3 kwa wiki, wiki 15, ni saa 45. Sasa hizo chache tena uzimalizie kwenye mitihani ya zamani? Huko nje hakuna atakayekaa akusahihishe kila ukikosea, watakuitikia tu wapite.

Hizo kozi nyingine za hiari chagua unazoziweza, GPA ilindwe huko, sioni aibu yoyote.

Kesho muulize mhadhiri oral, yaani mtihani wa kuongea, ina asilimia ngapi na kama inapimwa kila wiki au mara moja mwishoni, maana ikiwa ni kila wiki hata hiyo C unaweza kuikwepa. Na usajili unafungwa lini? Niambie mapema.

Mama