Shida huanza kabla kiwanda hakijafungwa

Mkuu, umeuliza kwa nini kiwanda kikubwa kikifa, maeneo mengine huinuka na mengine huzama moja kwa moja. Wadau wengi wamejibu "mtaji". Mimi nasema ni mazoea ya kumtumikia mteja mmoja.

Nimefanya kazi karakana ya kukereza vyuma iliyoishi kwa oda za kiwanda kimoja. Shafti na bushi tulizitoa safi kabisa. Ila michoro ilitoka kiwandani, vipimo vilitoka kiwandani, hata chuma cha kutumia tulipangiwa. Mtu wa masoko hatukuwa naye, angemuuzia nani? Oda zilipokauka, mashine zilikuwepo na mafundi walikuwepo, lakini hakuna aliyejua ampigie nani simu. Tulianza kupumua pale fundi mmoja alipoenda viwanda vya vyakula kupima vipuri vilivyochakaa na kuvichora mwenyewe.

Ruhr, eneo la makaa ya mawe na chuma huko Ujerumani, ni hayohayo kwa ukubwa wa mkoa mzima. Mtafiti Gernot Grabher aliyachambua mwaka 1993: wasambazaji waliwategemea wenye makaa na chuma hadi wakapuuza utafiti na masoko yao wenyewe, wakubwa wakaamini anguko la chuma ni la kupita tu, wanasiasa, kampuni na vyama vya wafanyakazi wakashikamana kulinda kilichopo. Kampuni hizo pia zilikalia ardhi, kwa hiyo mgeni alikosa pa kujenga. Mgodi wa mwisho wa makaa, Prosper-Haniel, umefungwa 2018.

Kwa upande mwingine, Akron, Ohio, huko Marekani, ulikuwa mji wa matairi. Firestone ilinunuliwa na Bridgestone mwaka 1988, na wengine nao wakayumba. Kilichobaki ni watu wanaoijua kemia ya mpira, maabara, na chuo kikuu kilichoisomesha. Wakaingia kwenye polima, yaani malighafi za jamii ya plastiki na mpira. Ajira zote hazikurudi, tusidanganyane.

Kuhusu hoja ya msamaha wa kodi ili kuvutia kiwanda kingine kikubwa: Bochum, hukohuko Ruhr, iliipata kampuni ya magari ya Opel mwaka 1962, na magari yakaundwa hapo hadi 2014. Mishahara ya nusu karne si haba. Ila mimi ningeubana msamaha huo kwa masharti: sehemu ya usanifu ifanyike hapohapo, na mikataba isimzuie msambazaji kuuzia wengine.