Wageni wa wiki ya kwanza, kilio cha wiki ya sita

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa Mei. Siku tuliyotoka hospitalini, nyumba yetu ndogo ya kupanga huku Umoja, Nairobi, ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Murang'a na kikapu cha njahi, yale maharagwe meusi. Akina mama wa chama walileta uji wa wimbi kwenye chupa za chai, na dada zangu wakapokezana kufua nepi na kuosha vyombo. Kazi yangu mimi ilikuwa kula na kunyonyesha. Na mtoto? Mtoto alilala. Alipitishwa mikononi mwa watu kumi alasiri moja bila kufungua jicho, na kila mgeni aliondoka akisema tumejaliwa mtoto mtulivu.

Wiki ya pili ilipoisha kila mtu alikuwa amerudi kwake. Mama mkwe alikuwa na ng'ombe wa kukama. Likizo ya mume wangu nayo ilikwisha, maana sheria ya ajira ya Kenya humpa baba wiki 2 zenye malipo na mama miezi 3. Jumatatu ile alidamka akapanda matatu kwenda kazini Eneo la Viwandani, nami nikabaki na mtoto wangu mtulivu.

Siku tatu baadaye kilio kikaanza.

Kilianza saa kumi na moja jioni. Hakikuwa kilio cha njaa, hicho nilikuwa nimeshakijua: huanza kwa kugeuza kichwa huku na huku, kunyonya ngumi, kunung'unika, ndipo alie. Hiki kilikuja kwa ghafla. Alikunja magoti hadi tumboni, akakaza ngumi, uso ukamwiva. Nilimpa ziwa, akalishika mara mbili akaliachilia na kupiga ukelele. Nepi ilikuwa kavu. Nikamweka begani nikampapasa mgongo, akacheua, kisha akaendelea kulia. Saa mbili na nusu usiku alinyamaza akalala, mwili umelegea, kama aliyemaliza kazi yake ya siku. Kesho yake, saa ileile, tukaanza tena. Kufikia wiki ya tano alikuwa akilia tangu saa kumi na moja jioni hadi karibu saa nne usiku, na mimi nilikuwa nikianza kuogopa jua likiinama nyuma ya matangi ya maji ya ploti ya jirani.

Nilichokosa wiki zile ni mtu wa kuniambia kwamba kilio cha mtoto mchanga kina kalenda yake. Huanza kuongezeka mtoto akikaribia wiki ya 2, hupanda hadi kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hushuka polepole, na kwa wengi huwa kimepungua sana akifika miezi 3 au 4. Aliyezaliwa kabla ya wakati mhesabie kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyotoka. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwaomba akina mama 80 waandike kila siku watoto wao walilia muda gani. Alichapisha matokeo mwaka 1962: katika wiki ya 6, mtoto wa kawaida mwenye afya alikuwa akilia karibu saa 2 na dakika 45 kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa jioni.

Niliyasoma hayo kwenye simu saa nane usiku, nikalia kwa kupata nafuu. Wiki nzima nilikuwa nimeambiwa kwamba maziwa yangu ni mepesi, kwamba nilikula kitu kibaya, kwamba mtoto ana chango. Kumbe hata watoto wa Wasani wa jangwa la Kalahari, waliokuwa wakibebwa mchana kutwa na kunyonyeshwa kila mara, walipitia mlima huohuo. Watafiti waliowatazama, akiwemo Ronald Barr wa Kanada, waliona kwamba nao walianza kulia mara nyingi kama watoto wengine katika umri uleule. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikatika mapema, kwa sababu mtu alikuwa tayari amewashika.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya leso, yaani kanga. Barr na mwenzake walifanya jaribio jingine huko Montreal, likachapishwa mwaka 1986. Wazazi waliombwa wambebe mtoto angalau saa 3 kwa siku, hata kama halii. Watoto hao walipofika wiki ya 6 walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wale wengine. Zingatia maneno hayo, hata kama halii. Mimi nilikuwa nikimlaza chini kila aliponyamaza, nikimbilie vyombo, kisha nimwokote kilio kikiwa kimepamba moto. Nikabadilisha. Kuanzia saa kumi alasiri nilimfunga kifuani kwa leso, pua ikiwa wazi, kidevu kisigandamane na kifua chake, kwa kuwa shingo ilikuwa bado haijakaza ya kubebwa mgongoni. Nilipanda naye juu ya paa wanakoanika nguo. Nilitembea kati ya mashuka ya watu, kwenda na kurudi, nikimvumia mdomo umefungwa ili asikie mtetemo wa kifua changu. Hakuacha kulia kabisa, sitakudanganya. Lakini zile saa tano za mfululizo zikavunjika vipande, na kati ya kipande na kipande tulipumua wote wawili.

Kuna mengine yaliyosaidia siku moja na siku nyingine yasisaidie: taa kuzimwa, redio kuachwa katikati ya stesheni ikivuma, kumvua nguo na kumlaza juu ya kifua changu ngozi kwa ngozi, beseni la maji vuguvugu. Usiyajaribu yote kwa dakika kumi, kumrusha kutoka jambo hili hadi lile kulimchosha wangu zaidi. Chagua moja, kaa nalo robo saa.

Tulipokwenda kliniki kwa chanjo za wiki ya 6, muuguzi alianza kumvua nguo ili ampime uzito. Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Nairobi ya Julai. Akavua blanketi, sweta, sweta ya pili, vesti mbili na kofia mbili. Mgongo wa mtoto ulikuwa umelowa jasho. Akaniambia kwa upole, "Mama, mvalishe kama ulivyovaa wewe, kisha ongeza nguo moja tu. Ukitaka kujua kama ana joto, mguse shingo kwa nyuma, usiguse mikono." Joto nalo lilikuwa likimliza. Alizaliwa na kilo 3.1, siku ile mizani ilisoma 4.5, na muuguzi akanieleza kwamba mtoto anayenenepa na kulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku anapata maziwa ya kutosha, hata kama jioni analia kana kwamba hajaonja kitu. Na kwa kuwa nimetaja baridi: usiingize jiko la makaa chumbani ili mtoto apate joto, madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala isiamke.

Sasa niseme lililo gumu.

Usiku mmoja wa wiki ya sita stima ilipotea. Mume wangu alikuwa amekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, simu yangu inakaribia kuzima, mtoto ameingia saa ya tatu ya kilio. Mtu akagonga ukuta kutoka nyumba ya pili. Nikamwinua mtoto mbele ya uso wangu ili nimwambie anyamaze, na nikahisi vidole vyangu vimemkaza kwenye mbavu. Nilikuwa nampenda kuliko pumzi yangu, na mikono yangu ilikuwa imekaza. Nilimlaza chali kitandani mwake, mahali pasipo mto wala blanketi la kumfunika uso, nikafunga mlango wa chumba, nikatoka hadi kwenye ngazi nikaketi gizani.

Mlango wa mbele yangu ukafunguka. Jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Mombasa ambaye tulikuwa hatujapita salamu, akatoka na tochi. Hakuniuliza kitu ila kimoja. "Mwanangu, mtoto yuko salama?" Nikamwambia, "Yuko kitandani, Mama." "Basi keti hapa dakika kumi. Mimi naingia kumchukua." Nilisikia kilio kikihama kutoka chumbani kwenda sebuleni, na sauti yake ikimwimbia.

Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito na shingo haina nguvu. Akitikiswa, ubongo hugonga fuvu na mishipa ya damu hupasuka. Sekunde chache zinatosha kumpofusha, kumlemaza au kumuua, na mara nyingi aliyemtikisa hakuwa mkatili, alikuwa mtu aliyechoka katika wiki hizihizi. Kwa hiyo nakusihi: ukihisi mikono inakaza, mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka. Nawa uso. Mpigie mtu simu. Rudi baada ya dakika kumi. Kilio cha dakika kumi akiwa salama hakimdhuru. Mwambie hivyo baba yake pia, na bibi, na msichana wa kazi, kila mtu atakayebaki naye peke yake, na uwaambie kabla ya kilele hakijafika.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Chini ya miezi 6 mtoto anahitaji maziwa peke yake, na dawa ile tu aliyoandikiwa na mhudumu wa afya baada ya kumwona. Si maji ya sukari, si mitishamba, si dawa ya mafua ya kumsinzisha. Nililetewa zote, na watu walionipenda. Nilijifunza kujibu, "Asante Mama, kliniki wameniambia nisubiri," jibu ambalo halimvunjii mtu heshima. Lakini kuna mawili ambayo sikuyajibu kwa upole: kung'oa kile wanachokiita meno ya plastiki, na kukata kilimi. Yale meno ni meno ya kawaida ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Kuyachokoa, au kukata kilimi, huleta kutokwa na damu na maambukizi yanayoua watoto. Mtu akikuelekeza huko, mbebe mtoto wako muondoke.

Kuna kilio kisichongojea asubuhi. Mpeleke hospitalini mara moja akiwa na joto la digrii 38 au zaidi, au baridi isiyoisha hata ukimkumbatia, akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akipata degedege, akitapika kijani au damu, viganja na nyayo zikigeuka njano, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au kilio chenyewe kikibadilika kikawa chembamba na chenye uchungu usiowahi kuusikia. Dalili nyingi kati ya hizi zimo kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto unachopewa kliniki. Kisome mchana, usisubiri usiku wa manane.

Na wewe mama, machozi ya siku za mwanzo huja na kuondoka. Yakipita wiki 2, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa una matibabu. Mwambie muuguzi kwa maneno hayohayo.

Nikapata mimba ya pili, na safari hii tulipanga tofauti. Nikiwa na miezi minane niliwaomba akina mama wa chama wasije wiki ya kwanza, waje kuanzia ya nne, mmoja kila jioni, na asilete zawadi, alete mikono. Mama mkwe alishangaa nilipomwomba aje mtoto akiwa na wiki nne, akae hadi ya nane. Akatafuta mtu wa kumkamia. Wiki ya kwanza tulikuwa wawili na mtoto aliyelala, tukamudu kwa githeri ya kununua. Mume wangu alizungumza na msimamizi wake akapewa zamu za asubuhi kwa mwezi ule wa pili, akawa nyumbani saa kumi. Waajiri wengine watakataa, lakini uliza mapema.

Mtoto wa pili alilia kama wa kwanza, labda kumzidi. Ila alilia akipita kwenye mabega manne, na mimi nililala saa tatu mfululizo usiku ambao, mara ya kwanza, niliumalizia kwenye ngazi.

Msichana aliyehamia mlango wa pili kutoka kwetu alijifungua Alhamisi iliyopita. Wageni bado wamejaa kwake, viatu vimepangwa hadi kwenye korido. Sijaingia. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni, nikaandika jina lake kwenye jioni zote za wiki ya tano na ya sita, kuanzia saa kumi na moja. Jirani yangu wa Mombasa amesema yeye atachukua saa mbili usiku.