Jibu: Mwenye hisa nyingi ana kura nyingi?

Hapana mkuu. Kwenye ushirika ni mtu mmoja kura moja, hata kama jamaa mmoja ana hisa mia. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanzania ya 2013 imeuweka mkutano mkuu wa wanachama juu ya bodi. Kazi ya bodi ni sera na kumsimamia meneja, siyo kuhesabu magunia ya mchele (bodi yetu ilikuwa na ugonjwa huo).

Umeuliza pia kuhusu wanachama kutohudhuria mikutano: kwenye duka letu la ushirika Tandika, Dar es Salaam, akidi (idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa mkutanoni) ilikuwa haitimii, mpaka bodi ilipoanza kubandika mapato na matumizi ya mwezi pembeni ya mzani wa duka. Mtu anasubiri unga, anasoma. Maswali yakawa makali, ila watu wakaja.

Bodi ikigoma kuitisha mkutano, someni masharti ya chama chenu kisha mwoneni afisa ushirika wa manispaa.