Akikupungia Mkono Baharini, Punguza Mashine

Siku ya pili ya Idi Kubwa, miaka kama minne nyuma, nilikuwa narudi Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na wageni wanne niliowapeleka kuogelea kwenye mwamba wa Tumbatu. Kusi, ule upepo wa kusini, ilikuwa imeshaamka. Kushoto kwangu, mbali kidogo, nikaona kiboti cha faiba chenye watu sita, kijana mmoja amesimama anapunga mkono. Na mimi nikapunga. Nikapita.

Kilichonirudisha si uhodari wangu. Mgeni mmoja aliuliza mbona boti ile haina povu nyuma. Nikageuza shingo. Kweli, imelala ubavu kwa mawimbi, mashine imeinuliwa, na kijana bado anapunga. Mtu wa salamu hupunga mara moja akaendelea na safari yake.

Kazi yangu ni kupeleka wageni baharini, na kila msimu lazima niwavute watu wawili watatu waliotoka kutembea bila kujiandaa. Wengi ni vijana wa mjini waliokopa boti ya mjomba, au wageni wa hoteli waliopewa kayaki na kuambiwa "msiende mbali". Nayaandika haya kwa wenzangu wenye mashine, kwa sababu wavuvi wa zamani hawahitaji kufundishwa na mimi.

Kwanza, usiwaulize kama wako sawa. Watajibu wako sawa. Aibu ya kushindwa mbele ya watu ni kubwa kuliko hofu ya maji, mpaka hofu izidi, na ikizidi wewe umeshafika Nungwi unakunywa chai. Mimi siku hizi nauliza: mko wangapi, maji yanaingia, mafuta yapo? Haya hayana jibu la aibu. Vijana wale walipoulizwa walijibu moja moja, na katika kujibu ndipo ikajulikana kwamba walikuwa wakielea tangu kabla ya adhuhuri.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wa mjini hawalioni. Wakati wa kusi, maji ya Kendwa, ufukwe jirani na Nungwi, ni ya uongo. Upepo unatoka nchi kavu, kwa hiyo ufukweni bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni. Mtu anaona hapo ndipo salama pa kujifunzia kayaki. Lakini utulivu ule ni kivuli cha nchi tu. Ukitoka mita mia chache upepo unakushika mgongoni, na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini. Kwenda ni raha, hupigi hata kasia. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ukishaipita rasi yenye mnara wa taa, mbele yako ni mkondo wa Nungwi, na Pemba iko kama kilomita 50.

Turudi kwa wale sita. Kabla ya kuwasogelea niliwavalisha wageni wangu maboya na kuwaambia wasinyanyuke, maana msaidizi akizama hakuna aliyesaidiwa. Kisha nikazunguka nikaja kwa chini ya upepo, omo yangu, yaani pua ya boti, ikitazama upepo, nikasimama mbali kidogo. Usiende kuwagonga ubavuni kwa haraka ya huruma. Watu walioogopa wakiona boti inakuja husimama wote na kuegemea upande mmoja, na hapo ndipo kiboti kilichohimili mawimbi kwa muda wa saa tatu hupinduka kwa dakika moja. Walianza kufanya hivyo hivyo. Nikawaambia taratibu, "Kaeni chini, siondoki. Kaeni kwanza." Wakakaa, isipokuwa dada mmoja aliyekuwa na sufuria ya pilau imefungwa kwa kanga, ameikumbatia, hataki kuiweka chini wala kuiachia.

Maboya walikuwa nayo. Matatu, chini ya ubao wa mbele, bado yamo kwenye nailoni za dukani.

Kamba niliwarushia imefungwa kwenye dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa. Dumu linarushika dhidi ya upepo, linaelea, na likiwakosa hulioni likizama. Aliyemo majini naye hulishika kabla hajakushika wewe. Meli ya Spice Islander ilipozama mkondo huu huu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, waliokolewa watu waliokuwa wameshikilia magodoro. Basi dumu usilidharau, na usijitose kumfuata mtu kama una kitu cha kumrushia. Ukimpandisha, zima mashine kabisa. Usiiache ikinguruma.

Kisha nikakosea. Nahodha wao, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa ameshika ncha ya kamba, na mimi nikaanza kumsema: boti ya nani, nani kakuruhusu, hujui kusi? Aliinamisha kichwa. Mikono ikamtetemeka, fundo likamshinda mara tatu. Nilikuwa nimejikosesha mtu pekee wa kunisaidia upande ule. Maneno yangu yote yalikuwa ya haki, lakini yalikuwa ya nchi kavu. Nikanyamaza, nikamwita "mwanangu", nikamwelekeza. Akafunga.

Nilipomtuma atazame tangi, alisema mafuta ni nusu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuvuta kamba ya mashine. Nikamwambia alegeze ile skrubu ndogo ya kupumulia juu ya kifuniko cha tangi. Ikafyonza hewa, fyuuu, sote tukasikia. Walikuwa wameikaza ili mafuta yasimwagike njiani. Tangi lisipovuta hewa, mafuta hayaendi na mashine inakata roho polepole. Tazama hilo kabla ya kufungua kifuniko cha mashine ya watu, na tazama pia ile kamba nyekundu ya kuzimia kama imo mahali pake. Nanga nayo walikuwa wameitupa, ila kamba yake ilikuwa pima tatu, ikaning'inia tu chini ya boti kama chambo.

Mashine ilikohoa ikazima tena, kwa hiyo niliwavuta. Kamba ndefu, mwendo wa pole, watu wao wakae nyuma ili omo inyanyuke, na asikae mtu yeyote kwenye mstari wa kamba. Ikikatika inarudi kama mjeledi. Kisu kiwe mkononi mwako, si kwenye mfuko. Kama bahari imekushinda, chukua watu uache boti. Kama huwezi hata watu, kaa nao waonekane, piga 112 au ita redioni chaneli 16, na KMKM, kikosi cha ulinzi wa bahari cha Zanzibar, wapate habari.

Habari ya fedha iacheni mpaka mguu uguse mchanga. Nimewahi kusikia mtu anatajiwa bei akiwa anaelea, na bado naona aibu kwa niaba ya aliyeitaja. Mafuta yana gharama, sikatai. Wale walinijazia tangi wenyewe, tena tukala pilau, baridi lakini lenye chumvi sawa.

Ni yule dada aliyeniambia, akipakua: "Ami, ulipotupungia mara ya kwanza tulifurahi sana. Tukajua unakuja."

Sasa nikipungiwa napunguza mashine, na wageni hunung'unika kwamba tunachelewa. Wiki iliyopita nilimgeukia mzee kwenye ngalawa aliyekuwa akipunga shati kwa nguvu. Alikuwa analikausha. Alinicheka mpaka akakaa, kisha akanirushia pweza.