Angalia kalamu ya katibu

Mara ya kwanza kufika mbele ya bodi inayosimamia fani yangu, leseni yangu ya kazi ikiwa hatarini, niliongea karibu nusu saa bila kumeza mate. Niliposoma nakala ya mwenendo wa shauri baada ya kushindwa, maelezo yangu yote yalikuwa mistari minne. Hoja yangu kubwa, kwamba ile barua ya onyo haikunifikia, haikuwemo.

Bodi si mahakama, hata kama viti vimepangwa vilevile. Baadhi ya wajumbe si wanasheria bali ni watu wa fani husika. Kanuni za ushahidi huwa zimelegezwa, na bodi nyingi hupokea hata maneno ya kusikia kwa mtu mwingine kisha zikayapima uzito zenyewe. Kwa kawaida hawadai uthibitishe hadi shaka iishe, kama inavyotakiwa kwenye kesi ya jinai. Wanatazama maelezo ya nani yanaelekea zaidi kuwa kweli. Ulegevu huo unaweza kukuokoa, na unaweza kukumaliza.

Ila wakishafunga mlango kujadiliana, wanatakiwa waamue kwa yaliyomo kwenye jalada. Ufasaha wako umebaki ukumbini.

Rufaa yangu ilipita kwa sababu moja tu: uamuzi haukutaja sababu. Shauri likarudishwa lisikilizwe upya. Safari hii niliomba mapema nyaraka zote za upande wa pili, nikatoa nakala kwa kila mjumbe na kurasa nikazipa namba. Nikitaja tarehe, nilinyamaza hadi kalamu ya katibu isimame. Kwenye hoja ya barua nilisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba hili liingie kwenye kumbukumbu." Daftari la kupokelea barua nililitoa kama kielelezo, nikahakikisha limepewa alama kabla sijaendelea. Mjumbe mmoja akavaa miwani, akafungua ukurasa wa 6 bila kuambiwa, akaanza kuniuliza nani alikuwa na funguo za ofisi.

Maswali yale yalinitoa jasho, lakini mjumbe anayeuliza anakuonyesha mahali hajaridhika. Mjibu alichouliza tu, kwa ufupi. Kama hujui, sema hujui. Anayenitia wasiwasi ni yule anayetikisa kichwa tu na kutazama saa.

Ukiwa na shaka na mjumbe, mathalani ana maslahi kwenye jambo lenyewe, sema mwanzoni na uombe ajitoe. Mimi mara ya kwanza nilimwona mmoja akiteta na mlalamikaji koridoni, nikaogopa kumuudhi. Ukingoja ushindwe ndipo useme, utaonekana unatafuta kisingizio.

Uamuzi ukitoka, uombe kwa maandishi pamoja na sababu zake, na siku hiyohiyo utazame muda wa kukata rufaa. Siku hizo huwa chache, na ushahidi mpya kwenye rufaa haupokelewi hivihivi.

Uamuzi wangu wa pili ulikuwa na kurasa tatu. Barua ilijadiliwa kwenye aya ya pili, na daftari likatajwa kwa alama yake. Leseni nikarudishiwa, kwa masharti.