Kapi limerudi stoo

Nilirudi kutoka semina ya kiharusi na faili nene. Nikatoa nakala ya kurasa muhimu za mwongozo wa Marekani wa 2016 wa kuwarudishia uwezo waliopata kiharusi, nikazibandika kwenye chumba chetu cha mazoezi, nikajiona nimemaliza kazi. Miezi mitatu baadaye karatasi zimepauka kwa jua, na chini yake mzee aliyepooza mkono wa kushoto anavuta kamba ya kapi, kigurudumu kilichofungwa juu ili kuupandisha mkono, kama anayeteka maji kisimani, uso umemkunjamana. Ukurasa uliokuwa juu ya kichwa chake ulisema kapi halishauriwi.

Misuli inayoshikilia bega ikilegea, mkono unaning'inia. Ukiupandisha kwa nguvu bila kombe la bega (mfupa bapa wa nyuma ya bega) kuufuata, nyama za ndani zinabanwa. Akishaumwa bega, mgonjwa hataki kuguswa, na mazoezi mengine yote yanakwama hapo.

Sikuitisha kikao. Nilichukua bisibisi nikalishusha kapi. Wenzangu walinuna, mmoja akauliza sasa wagonjwa wafanye nini. Swali la haki. Tukaweka meza, vikombe, bakuli la maharage na shati la vifungo, mtu arudie tena na tena kazi anazozijua kwao.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, usibebe mwongozo mzima. Chukua jambo moja, halafu jiulize nani anamgusa mgonjwa kuliko wewe. Mimi namwona nusu saa. Mkewe ndiye anayemnyanyua alfajiri na kumgeuza usiku, na bega huumizwa pale, kwa mapenzi kabisa.

"Mama, usimvute mkono. Mshike hapa, kiunoni."

"Sawa, daktari."

(Mimi ni wa mazoezi ya viungo, si daktari, nimechoka kusahihisha.) Hiyo "sawa" usiiamini. Mwache amnyanyue mbele yako. Mkono nao uegemezwe; mito wodini haitoshi, sisi tunakunja kanga.

Plasta nyekundu lilikuwa wazo la nesi wa zamu ya usiku: anaizungusha kwenye kiwiko cha upande uliopooza, hata anayesukuma machela ajue mkono gani usivutwe. Imefanya kazi kuliko faili langu.

Kila Ijumaa nauliza kitanda kwa kitanda, bega linauma? Najaza daftari. Wakiingia wanafunzi wapya, "ndiyo" huongezeka, tunaanza upya.

Kapi lipo stoo. Mwezi uliopita nilikuta mtu amelipaka grisi.