Maswali na Majibu: Likizo ndefu, gitaa na ratiba zenu za rangi

Likizo ndefu ikikaribia, barua zenu hufanana kama mapacha. Nimechagua chache. Zile za kupunguza tumbo kwa siku saba nimezitupa, na yule anayeniuliza kwa mara ya tatu programu gani ya simu ni bora kwa kupanga siku, ajue kwamba nimemwona.

Mwalimu, nimerudi nyumbani kutoka chuo na nimepata kazi ya muda. Nimejitengenezea ratiba: saa kumi na moja alfajiri kukimbia, saa kumi na mbili na nusu kusoma, saa mbili hadi saa kumi kazini, kisha gitaa saa mbili nzima, kisha kusoma tena hadi saa tano usiku. Imenishinda siku ya nne. Naomba unitengenezee iliyo bora. (Mwaka wa pili)

Sitengenezi. Nimeikagua hiyo yako na hakuna mahali ulipoandika kuoga. Umempangia siku mtu asiyechoka, asiyetumwa na mama yake, asiyetembelewa na rafiki, na anayelala kwa saa sita kasoro bila kugeuka kitandani. Mtu huyo hayupo. Siku ya nne aliyechoka ni wewe, na ukadhani umeshindwa.

Fanya hivi. Shika saa ileile ya kuamka kila siku, iwe ni siku ya kazi au ya mapumziko, na uilinde kama unavyolinda nauli. Kinachohitaji akili, yaani kitabu, kiweke kabla ya kazi, hata kama ni nusu saa tu. Mwili uupe zamu ya jioni: miguu hukubali kutumika hata kichwa kikiwa kimechoka, lakini kichwa kilichochoka hakisomi, hupitisha macho tu. Gitaa liache nje ya mfuko wake, mahali unapopita mara kwa mara. Siku za kazi chagua kimoja kati ya vitatu ambacho ni lazima kifanyike; vingine vikitokea, vizuri. Na ukikosa leo usijaribu kulipa kesho. Deni la mazoezi halilipwi, linafutwa. Nimewaona wengi wakikimbia mara mbili Jumamosi kufidia Alhamisi, na Jumatatu wakachechemea.

Mazoezi ni bora asubuhi au jioni?

Saa ile utakayokuwa umeshafunga kamba za viatu kabla hujaanza kujadiliana na nafsi yako. Swali hili nimelijibu hapa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Lisirudi.

Ninafanya kazi ya kubeba mizigo ghalani, nasimama kutwa. Kuna haja gani ya mazoezi tena?

Swali zuri, na wapenda jimu hawatalipenda jibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au nusu ya hizo akijishughulisha kwa nguvu. Haumlazimishi kuzipata uwanjani. Kazi nayo inahesabiwa. Kwa hiyo kama mzigo unakufanya uheme, sehemu kubwa umeshaimaliza.

Lakini mwongozo huohuo unadai pia siku mbili au zaidi kwa wiki za kuimarisha misuli yote mikubwa, na ghala halikupi hilo kwa usawa. Linakupa mgongo uliochoka upande mmoja. Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka), pushapu na kujivuta kwenye chuma, mara mbili kwa wiki, siku ambazo huna zamu. Ukianza, misuli itauma, na kwa kawaida maumivu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Usikimbie kuniandikia kwamba umeumia, ila kama maumivu yako kwenye kiungo au yanachoma ghafla. Hapo nenda kwa daktari, usije kwangu.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: makubaliano ya malipo na saa za kazi yaandikwe kabla ya siku ya kwanza. Bosi anayemwambia mwanafunzi "wiki hii ni ya mafunzo, tutaongea" anajua likizo yako ina mwisho.

Nimejiwekea lengo la vitabu 30 likizo hii. Nisome vipi kwa kasi?

Unamhesabia nani? Mbinu za kusoma kwa kasi zinakuuzia biashara mbaya: mwendo ukipanda, uelewa unashuka. Kurasa 20 kwa siku, bila haraka, ni kurasa 600 kwa mwezi, yaani vitabu viwili au vitatu vya unene wa kawaida. Vinatosha.

Kinachonisumbua zaidi ni kitakachobaki kichwani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 2006, watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Waliosoma kifungu tena na tena waliongoza kwenye jaribio la baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioongoza ni wale waliokuwa wamefunika karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Kwa hiyo ukimaliza sura, funga kitabu, chukua kalamu, andika sentensi tano kwa maneno yako. Zikigoma kuja, hukusoma. Ile kalamu ya kung'arishia mistari kwa rangi ya manjano mpe mdogo wako achoree jua.

Naruhusiwa kusikiliza muziki ninaposoma? Nasikia Mozart huongeza akili.

Wenye maneno, hapana. Maneno ya wimbo yanagombania kiti kimoja na maneno ya kitabu. Na Mozart msimsingizie. Utafiti uliozua hadithi hiyo, wa mwaka 1993, ulihusu wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata yake moja, yaani kipande cha muziki wa piano, kwa dakika kumi *kabla* ya maswali ya maumbo, na faida ilipotea ndani ya robo saa hivi. Vichanga na mitihani ya historia havikuwamo.

Napiga gitaa kwa saa tatu kila Jumapili, mwezi wa pili huu, na bado siwezi kuhama kutoka kodi ya C (nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) kwenda F. Nimesoma kwamba zinahitajika saa 10,000 ili mtu abobee. Je, nikate tamaa?

Laiti ningepewa uzi wa gitaa kwa kila mtu anayenitajia hizo saa 10,000. Zilitokana na uchunguzi wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, mwaka 1993, kwa wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Ulikuwa wastani wa makadirio ya wale bora walipofikia miaka 20; haikuwa tiketi ambayo ukiilipia unaingia. Jambo ambalo watu hawalirudii: wanafunzi bora walijifunza kwa vipindi vyenye mapumziko, na walilala zaidi kuliko kundi la chini kabisa. Usingizi. Nitalirudia hadi mniombe niache.

Jumapili yako ya saa tatu inafundisha vidole kwa saa moja na kuvichosha kwa mbili, kisha unavipa siku sita za kusahau. Gawa: dakika 20 kila siku. Na usipige wimbo mzima ukikwama palepale kila mara, maana hapo unafanya mazoezi ya kukwama. Chukua huko kuhama peke yake, C kwenda F, washa metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo sawa, kwenye mapigo 50 kwa dakika, hama kila baada ya mapigo manne. Ikiwa safi mara kumi mfululizo, panda hadi 54. F inamtesa kila mtu kwa sababu kidole kimoja kinabana nyuzi kadhaa. Anza na F iliyorahisishwa ya nyuzi nne, hakuna askari atakayekukamata.

Mwanangu ana miaka 19, analala saa tisa usiku na kuamka adhuhuri. Anasema ni likizo. Nimwache? (Mama mzazi)

Mama, nusu ya kosa si lake: saa ya mwili katika umri huo huchelewa, hilo ni maumbile. Nusu nyingine ni simu na kahawa ya jioni, ambayo baada ya kama saa tano nusu yake bado imo mwilini. Usimwamshe kwa kelele saa kumi na mbili kesho. Awahi kuamka kwa nusu saa zaidi kila baada ya siku mbili tatu, afungue pazia na atoke nje kwenye mwanga mara tu anapoamka, na simu ichajiwe sebuleni. Yako pia, mama.